Nairobi hadi New York: kwa nini kwenda ni saa 15 na kurudi ni saa 14

Swali la msomaji wa Mombasa: "Mama yangu anakwenda New York mwezi wa Desemba kumwona dada aliyejifungua. Ni mara yake ya kwanza kusafiri mbali kwa ndege. Kikokotoo cha mtandaoni kinasema kutoka Nairobi ni kilomita 11,840, saa 13 na dakika chache. Tiketi inaonyesha kuondoka 23:25 na kufika 06:25, ambazo sisi tumezihesabu kuwa saa saba. Wakala aliyemkatia tiketi anasema ni saa 15 kwenda na 14 kurudi. Binamu yetu anashikilia kwamba tofauti hiyo inaletwa na dunia kuzunguka. Mama mwenyewe ana swali moja tu: Alfajiri ataiswali wapi, na saa ngapi?"

Jibu:

Ndugu yangu, kwanza mpe mama salamu zangu na shikamoo yake. Kazi yangu ni kupanga safari za ndege: kabla rubani hajapanda, sisi ndio tunaochora njia, kupima upepo na kupiga hesabu ya mafuta. Maswali yako ndiyo hasa tunayoyajibu kila siku, ila la mama ni nadra kulisikia, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Nitalifikia.

Wakala wenu amesema kweli: saa 15 kwenda, 14 kurudi. Kikokotoo nacho hakijakosea umbali. Kilomita 11,840 ndio umbali mfupi kabisa juu ya uso wa dunia kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta na uwanja wa JFK, kilomita kadhaa juu au chini kutegemea kanuni iliyotumika. Ila njia yenyewe si ile mtu anayoiona akiweka rula kwenye ramani ya ukutani. Rula itakupitisha Nigeria karibu na Jos, ikukatishe Mali na kukutoa baharini kwenye pwani ya Mauritania. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 12,200 hivi. Sasa chukua tufe, yale ya kufundishia jiografia, ubane uzi kwa kidole pale Nairobi, uuvute ukaze hadi New York. Utaona uzi wenyewe unakimbilia kaskazini-magharibi: kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Moroko. Unatoka barani karibu na mji wa Safi, unapita juu ya visiwa vya Azores, unapanda hadi latitudo ya 42 hivi, halafu ndipo unateremka New York. Ramani ya ukutani imeibandika dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, kwa hiyo mstari ulionyooka pale si mfupi kuliko yote. Uzi umeokoa kilomita kama 350, nazo ni zaidi ya dakika 20 angani na karibu tani mbili za mafuta kwa ndege ya aina atakayopanda mama.

Kwenye uzi huohuo kuna jambo linalowashangaza hata watu waliosafiri sana. Nusu ya safari ya Nairobi hadi New York iko Afrika. Kutoka Nairobi mpaka ufukwe wa Moroko ni kilomita 6,100 hivi, na maji ya Atlantiki yaliyobaki ni kama 5,700. Kwa hiyo mama akitazama skrini ya kiti chake baada ya saa saba, akaona bado kandege kamechorwa juu ya milima ya Atlas, asidhani kwamba wamepotea au wanasuasua. Afrika ni kubwa kiasi hicho.

Hata hivyo hakuna ndege inayofuata uzi kwa uaminifu. Tunachotafuta sisi wapangaji ni njia yenye muda mfupi na mafuta machache, na hiyo mara nyingi si ile yenye kilomita chache. Halafu kuna mambo ya dunia. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipozuka Aprili 2023. Agosti mwaka huohuo, baada ya mapinduzi, Niger ikafunga anga yake karibu mwezi mzima, na ndege nyingi zilizokuwa zikikatiza Sahara zikalazimika kuzunguka. Mstari wa Nairobi na New York unapita Niger moja kwa moja na unaigusa pembe ya Darfur, kwa hiyo matukio kama hayo huongeza kilomita ambazo kikokotoo hakina habari nazo.

Kwa wanaokata tiketi za kubadilisha ndege njiani: kupitia Amsterdam hakuongezi sana, jumla inakuwa kilomita 12,500 hivi. Doha ni jambo jingine. Kwanza unakwenda kaskazini-mashariki karibu kilomita 3,400, halafu unaanza safari nyingine ya karibu 10,800. Unaongeza zaidi ya kilomita 2,000 kabla hujahesabu saa za kusubiri uwanjani. Wengi huifuata kwa sababu ya bei, na hilo si kosa, ila kwa mtu mzima anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza mmefanya vizuri kumchagulia ndege ya moja kwa moja. Safari hiyo haikuwapo kabla ya tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoianzisha kwa ndege ya Boeing 787-8. Kabla yake ilibidi kwanza mamlaka ya anga ya Marekani iridhike na usimamizi wa usalama wa anga wa Kenya, na hilo lilipatikana Februari 2017.

Tuje kwenye zile saa 13. Kikokotoo kimechukua kilomita 11,840 kikagawa kwa 900, basi. Kasi ya 900 kwa saa ni sawa kwa 787 ikiwa imetulia juu, ila ndege haianzi na kasi hiyo. Muda wa kwenye tiketi huanza magurudumu yanapoondoka kwenye maegesho na huisha yanaposimama upande wa pili. Ndani yake kuna kusukumwa nyuma, kutambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda polepole kwa sababu ndege imejaa mafuta, kuteremka, kupangwa foleni na waongoza ndege wa New York (foleni yao si ya mchezo), na kutambaa tena hadi mlangoni. Kuna pia kona za njia halisi nilizozitaja. Jumlisha hayo yote, unapata zaidi ya saa moja.

Nairobi nayo ina tabu yake. Uwanja uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, wakati JFK uko karibu kabisa na maji. Kwenye mwinuko kama huo hewa ni nyepesi: mbawa hazipati mahali pa kujishika vizuri, injini zinapumua kwa shida, na ndege inahitaji kukimbia zaidi ardhini kabla ya kuinuka. Jua la mchana likiipasha hewa moto, inazidi kuwa nyepesi. Ndege inayochoma kama tani tano za mafuta kila saa, kwa safari ya saa 15, inaondoka ikiwa nzito mno. Ndiyo maana kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunatufaa sana. Ukiondoka mchana wa joto, huenda ukaacha mizigo au viti vitupu ili uweze kuruka. Saa hiyo ya usiku inamfaa abiria pia, maana anafika asubuhi na anaweza kuunganisha safari za ndani za Marekani siku hiyohiyo.

Sasa saa moja kati ya kwenda na kurudi. Wewe ni mtu wa Mombasa, kwa hiyo sina haja ya kukufundisha kaskazi na kusi. Wazee walijua jahazi la kutoka Uarabuni huja na kaskazi na kurudi na kusi, na kwamba nahodha aliyekosa msimu angeweza kukaa bandarini miezi. Bahari ni ileile, maili ni zilezile, ila upepo ndio unaoamua siku za safari. Angani ni hivyohivyo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, hasa juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi huko kaskazini hupita kilomita 200 kwa saa bila shida, maana tofauti ya joto kati ya tropiki na ncha ya dunia inakuwa kubwa, na tofauti hiyo ndiyo inayoulisha upepo wenyewe.

Tupige hesabu. Ndege inakwenda 900 ndani ya hewa. Mwanzo wa safari, karibu na ikweta, upepo ni mdogo. Mbele zaidi ni mkali. Tuseme wastani wa njia nzima ni 35 tu. Kwenda, unaukabili: 900 utoe 35, unabaki na 865, na kilomita 11,840 zinakuchukua saa 13 na dakika 41. Kurudi, unakusukuma: 935, nayo ni saa 12 na dakika 40. Tofauti ni saa moja hivi. Ongeza ile saa moja na dakika ishirini hivi ya ardhini, kupanda, kushuka na kona za njia, unapata 15 na 14 za wakala wako. Ni kadirio, kwa sababu upepo wa leo si wa kesho. Usishangae mama akifika nusu saa kabla ya muda, au baada ya muda ingawa ndege iliondoka sawasawa.

Upepo huo unaweza kufanya makubwa. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, Boeing 747 ya British Airways iliruka kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida inazidi saa sita. Kasi yake ukiipima kwa ardhi iliyoko chini ilipita 1,300 kwa saa, ingawa ndani ya hewa ndege ilikuwa ikienda mwendo wake wa siku zote. Kwa hiyo tunapopanga kwenda magharibi tunaukwepa moyo wa mkondo, hata kama ni kuzunguka kilomita mia kadhaa, na tunapopanga kurudi tunautafuta. Ndiyo sababu mama hatapita njia ileile mara zote mbili, na kilomita zitakazohesabiwa kwenye skrini yake hazitakuwa 11,840.

Binamu yenu asikate tamaa, amekaribia. Dunia kweli inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta uso wake unakwenda kilomita 1,670 kwa saa. Lakini kama kuwa angani kungetosha kuiacha dunia izunguke chini yako, helikopta ingeelea juu ya Nairobi kwa saa moja na kujikuta katikati ya misitu ya Kongo. Haiwi hivyo kwa sababu hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iliyopaa kutoka Nairobi imetoka ardhini ikiwa na mwendo huohuo. Isitoshe, fuata hoja yake mpaka mwisho: dunia ikizunguka kwenda mashariki, New York ingekuwa inakuja kumpokea mama, na safari ya kwenda ndiyo ingekuwa fupi. Ni kinyume. Na mzunguko wa dunia haubadiliki Januari wala Julai, lakini muda wa safari hubadilika siku kwa siku. Mahali alipokaribia ni hapa: hewa ya moto inayopanda tropiki na kuelekea kaskazini hupindishwa na mzunguko huo kwenda mashariki, na hapo ndipo mikondo ile inapozaliwa. Dunia inafanya kazi kupitia upepo.

Zile saa saba za kwenye tiketi ni saa za ukutani za miji miwili. 23:25 ni saa ya Nairobi, saa tano na dakika 25 usiku. 06:25 ni saa ya New York, saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Desemba New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane, kwa hiyo saba ukiongeza nane ni 15. Kurudi, kama ameandikiwa kuondoka 12:25 na kufika 10:25 kesho yake, ni saa 22 za ukutani, utoe nane, unabaki na 14. Kenya haibadilishi saa, Marekani inabadilisha: kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti ni saa saba, na safari hiyohiyo ya saa 15 mwezi wa Julai ingeonyesha kufika 07:25.

Chungeni tarehe kuliko kitu kingine chochote. 23:25 ya Jumanne ni usiku wa Jumanne, na mama atafika New York asubuhi ya Jumatano. Mwambieni dada hivyo. Lakini ratiba hubadilika, na ikisogezwa mbele kidogo tu ikawa 00:30 ya tarehe 15, huo ni usiku wa kuamkia tarehe 15, na mama anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 14. Watu husoma "15", wakatokea usiku wa tarehe 15, ndege imeondoka tangu jana. Angalieni tiketi tena siku mbili kabla.

Swali la mama sasa. Usiku atakaoupitia hajawahi kuuona maishani mwake. Jua litazama Nairobi kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na jua atakaloliona likichomoza baada ya hapo ni la New York, karibu saa moja na robo asubuhi ya kule, wakati Mombasa ni saa tisa na robo alasiri. Ni giza la zaidi ya saa 20, kwa sababu ndege inaukimbilia usiku. Kwenye latitudo ya New York mstari wa mapambazuko unasafiri kuelekea magharibi kwa kilomita 1,270 hivi kwa saa, na ndege iko mbele yake ikikimbia 865. Alfajiri inamfuata mama kwa nyuma na inamfikia polepole sana.

Kwa ratiba ya Desemba itamfikia angani, juu ya Atlantiki, kama saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kutua. Si wakati wa Alfajiri ya mji wa New York unaoandikwa kwenye kalenda za misikiti ya kule, kwa sababu yeye bado yuko mashariki yake, na mtu aliye mashariki hupambazukiwa mapema. Kimo nacho kinaongeza: kutoka kilomita 11 juu, upeo wa macho unakuwa chini zaidi, na mwanga unaonekana dakika kumi na kitu kabla ya aliye ardhini. Weupe utaanza nyuma ya ndege, upande wa kushoto. Akipata kiti cha dirishani kushoto, nyuma ya bawa, ataushuhudia mwenyewe. Na kwa kuwa ndege inaendelea kuukimbia, weupe huo utakaa muda mrefu bila jua kutokeza, kwa hiyo nafasi aliyonayo ni ya zaidi ya saa mbili, mpaka baada ya kutua. Wakati mzuri ni taa za ndani zinapowashwa na wahudumu wanapopitisha kifungua kinywa. Aende kutawadha hapo, kabla ya foleni ya chooni, kwa sababu nusu saa ya mwisho kila mtu anafungwa mkanda, na baada ya kutua kuna foleni ya uhamiaji ambayo haina ahadi. Mambo ya kuswali kitini na kibla amuulize imamu wake kabla hajaondoka.

Saa yake ya mkononi isimchanganye. Akiiacha na saa za nyumbani, Alfajiri hiyo itamkuta ikisema kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, wakati Mombasa Adhuhuri imekwisha kuingia. Kama anatumia dawa za kila baada ya saa kadhaa, kwa mfano za presha au sukari, mwachieni daktari wake ampangie kwa kuhesabu saa zilizopita na si kwa kutazama saa ya ukutani, na dawa zenyewe zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Kurudi ni kinyume chake, na hapo ndipo anahitaji kuwa macho zaidi. Adhuhuri ya New York mwezi wa Desemba inaingia saa sita kasoro dakika chache mchana, abiria wakiwa tayari wanapanda. Ndege ikishapaa inakimbilia mashariki, usiku nao unakuja upande wake, na vinakutana haraka: jua litazama kama saa mbili na nusu baada ya kuondoka. Alasiri na Magharibi zote zitapita ndani ya saa tatu za kwanza, wakati chakula bado kinagawiwa. Halafu usiku mfupi, na jua linachomoza juu ya Chad, saa mbili na nusu hadi tatu kabla ya Nairobi. Alfajiri ya siku hiyo ataipata juu ya Sahara, karibu saa moja kabla ya jua hilo, na safari hii mwanga utakuja haraka, maana ndege inauendea.